Ferdinand Pecora: Wakili aliyewauliza wakubwa wa benki kwa majina yao

MKULIMA aliyeweka shamba lake rehani huijua tarehe ya marejesho kuliko anavyoijua tarehe yake ya kuzaliwa. Akichelewa mwezi mmoja anapigiwa simu. Akichelewa miezi mitatu anapelekewa barua. Baada ya hapo anakuja dalali wa mnada, na majirani wanakusanyika kutazama.

Lakini benki inapomkosea mteja, nani anapigiwa simu? Mara nyingi anayetajwa ni benki yenyewe, yaani lile jina lililoandikwa juu ya mlango. Benki inatozwa faini, faini inatoka kwenye fedha za wenye hisa, na yule aliyetoa amri anaendelea kupokea mshahara na bonasi yake kama kawaida.

Makala haya yanamhusu mtu ambaye hakuridhika na utaratibu huo. Aliitwa Ferdinand Pecora, wakili wa New York, Marekani. Mwaka 1933 aliwaita wakuu wa benki kubwa za nchi hiyo mmoja mmoja, akawaapisha, akawafungulia vitabu vya benki zao wenyewe na kuwauliza kila mmoja alichofanya. Sheria nyingi zinazomlinda mwenye amana na mnunuzi wa hisa duniani leo zina asili yake katika maswali hayo.

Mtoto wa fundi viatu

Pecora alizaliwa Januari 6, 1882 katika mji wa Nicosia, kisiwani Sicily, Italia. Baba yake alikuwa fundi viatu. Familia ilihamia Marekani akiwa bado mtoto mdogo, ikaishi New York katika mtaa wa watu wa kipato cha chini.

Kijana huyo alifikiria kuwa mchungaji wa kanisa na akaanza masomo ya chuo. Hata hivyo, baba yake aliumia kazini, na ikambidi aache masomo akatafute kazi ya kuisaidia familia. Aliajiriwa kama karani katika ofisi ya wanasheria, huku akisomea sheria. Mwaka 1911 alikubaliwa kuwa wakili, akiwa na umri wa miaka 29.

Mwaka 1918 aliingia katika ofisi ya mwendesha mashtaka wa New York, akafanya kazi hapo kwa takriban miaka 12 na kupanda hadi kuwa msaidizi mkuu. Huko ndiko alikojifunza kusoma hesabu za watu wajanja. Alisaidia kufunga ofisi zaidi ya 100 za matapeli waliojifanya madalali wa hisa. Ofisi hizo zilipokea fedha za mteja, zikamwandikia karatasi kwamba zimemnunulia hisa, kumbe hazikununua kitu. Bei ya hisa ikishuka, fedha zilibaki kwao. Ikipanda, mteja alikuta mlango umefungwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pecora aligundua upande wa pili wa methali hiyo: penye daftari, mwizi huacha nyayo. Hakuwa mtu wa kupiga kelele mahakamani. Alikuwa na kumbukumbu kali ya tarakimu, na aliingia chumbani akiwa amesoma karatasi nyingi kuliko yule anayemhoji.

Ngano senti 40, shamba mnadani

Ili kuelewa kilichotokea mwaka 1933, msomaji hana budi kuijua hali ya Marekani wakati huo. Soko la hisa la New York lilianguka Oktoba 1929, na uchumi ukaporomoka nalo. Kati ya mwaka 1930 na 1933 takriban benki 9,000 zilifungwa. Bima ya amana ya taifa zima haikuwapo, hivyo benki ikifungwa, mwenye akiba alisubiri kuona kitakachobaki.

Wakulima waliumia mapema zaidi. Ngano iliyouzwa kwa zaidi ya dola 1 kwa busheli mwaka 1929 (busheli moja ni kama kilo 27) ilifika chini ya senti 40 mwaka 1932. Bei ya mazao ilishuka, lakini deni la benki halikushuka hata senti moja. Mkulima aliyekopa wakati gunia moja la ngano lina thamani sasa alihitaji karibu magunia matatu kulipa deni lile lile.

Mjini hali haikuwa nafuu. Rehani nyingi za nyumba zilikuwa za miaka mitatu hadi mitano tu. Mwisho wa muda huo mteja alitakiwa kulipa kiasi chote kilichobaki kwa mkupuo, au benki impe mkataba mpya. Benki zilipoishiwa fedha ziliacha kutoa mikataba mipya. Kufikia mwaka 1933 takriban nyumba 1,000 kwa siku zilikuwa zikichukuliwa na wakopeshaji.

Katika majimbo ya kilimo watu walianza kujitetea kwa njia zao. Shamba lilipopelekwa mnadani, majirani walijaa uwanjani, wakahakikisha hakuna mgeni anayetaja bei. Wenyewe walinunua ng'ombe, jembe na trekta kwa senti chache, kisha wakamrudishia mwenyewe. Aprili 1933, katika mji wa Le Mars, jimboni Iowa, umati wa wakulima ulimtoa jaji ndani ya mahakama na kumtishia kumnyonga kwa sababu alikataa kuahidi kwamba hatasaini tena amri za kuuza mashamba.

Hasira ile ilikosea anwani. Jaji hakuwa amemkopesha mtu, na dalali wa mnada alikuwa akitekeleza amri. Waliokuwa wamekaa juu kabisa, katika ofisi za New York, hakuna mkulima aliyekuwa amewaona. Kazi ya Pecora ilikuwa kuwaleta mbele ya umma.

Kazi ya mwezi mmoja

Kamati ya Benki na Sarafu ya Seneti ilianza kuchunguza soko la hisa mwaka 1932. Mwenyekiti wake, Seneta Peter Norbeck wa South Dakota, alikuwa mkulima na mchimba visima aliyewahi kuwa gavana wa jimbo lake. Uchunguzi ulikwenda kwa kusuasua. Wanasheria watatu walipita mmoja baada ya mwingine bila matokeo makubwa.

Januari 1933 Norbeck alimwajiri Pecora kuwa mwanasheria wa nne. Mshahara ulikuwa dola 255 kwa mwezi, na kazi ilionekana ndogo: kuandika ripoti ya mwisho ili jalada lifungwe. Pecora alipofungua jalada hilo alikuta halina kitu cha kuandikia ripoti. Akaomba mwezi mmoja wa kuwahoji mashahidi wapya.

Alianza na kuanguka kwa kampuni za umeme za Samuel Insull wa Chicago, ambako watu wengi wa kawaida walipoteza akiba zao. Kisha akageukia National City Bank ya New York, moja ya benki mbili kubwa kuliko zote nchini humo. Ndiyo benki ambayo baadaye dunia iliijua kwa jina la Citibank.

Kabla ya kumhoji mtu, Pecora alidai karatasi. Yeye na wasaidizi wake wachache walikaa siku nyingi wakisoma mihutasari ya vikao vya bodi, daftari za mikopo na barua za ndani. Walipomaliza walijua nani alisaini nini na siku gani.

Mwenyekiti katika kiti cha shahidi

Februari 21, 1933 aliingia Charles E. Mitchell, mwenyekiti wa National City. Alikuwa mtu mwenye sifa kubwa. Alijiunga na kampuni tanzu ya benki hiyo mwaka 1916, akawa rais wa benki mwaka 1921 na mwenyekiti mwaka 1929. Magazeti yalimtaja kama mfano wa benki ya kisasa, inayomfuata mteja wa kawaida hadi nyumbani kwake.

Pecora alianza kwa kumuuliza malipo yake. Mshahara wake ulikuwa dola 25,000 kwa mwaka, lakini bonasi ilivuka dola milioni 1 kila mwaka katika miaka ya 1927, 1928 na 1929. Kwa dola 255 za Pecora kwa mwezi, ingemchukua zaidi ya miaka 300 kuifikia bonasi ya Mitchell ya mwaka mmoja. Bonasi hiyo ilitokana na faida ya mauzo. Hatifungani iliyouzwa leo iliongeza bonasi leo, hata kama mnunuzi angefilisika kesho.

Swali la kodi lilikuwa baya zaidi. Mwaka 1929 Mitchell hakulipa kodi ya mapato hata kidogo. Alikuwa amemuuzia mke wake hisa 18,300 za benki kwa bei ya chini, akaandika hasara ya dola milioni 2.8 katika hesabu zake, na baadaye akazirudisha hisa hizo mikononi mwake. Nchi nzima ilisoma habari hiyo wakati karani na mwalimu wakilipa kodi zao kama kawaida.

Kisha yakaja mambo ya wateja. Benki ilikuwa na kampuni tanzu ya kuuza hisa na hatifungani, iliyoitwa National City Company. Mtu aliyekuwa na akiba katika benki alitembelewa na muuzaji wa kampuni hiyo, akashauriwa asiache fedha zake zikilala. Wauzaji waliwekewa mashindano na zawadi, kama wauza sabuni.

Mwaka 1927 na 1928 kampuni hiyo iliuza hatifungani za serikali ya Peru zenye thamani ya dola milioni 90, kwa awamu tatu. Barua za ndani zilionyesha kwamba maofisa wake walikuwa wameonya kuwa Peru ni mlipaji mbaya wa madeni. Mnunuzi hakuambiwa. Mwaka 1931 Peru iliacha kulipa. Jimbo la Minas Gerais la Brazil lilifanana na hilo. Taarifa ya ndani ililalamikia uzembe wa viongozi wa jimbo hilo katika mambo ya fedha, lakini karatasi ya kuvutia wanunuzi ilizungumzia uangalifu wao. Sehemu ya fedha zilizokusanywa ilitumika kulipa deni ambalo jimbo lilikuwa likidaiwa na National City wenyewe.

Mbele ya kamati alifika pia mteja mmoja kutoka mji mdogo wa Pennsylvania, aliyekuwa ameuza biashara yake ya majumba ya sinema na kupata takriban dola 100,000. Alitaka kitu salama. Kampuni ilimbadilishia hatifungani zake za serikali, ikamnunulia nyingine za nchi za nje, tena kwa kumkopesha fedha za ziada. Aliposhtakia hasara, akahamishiwa kwenye hisa. Alipotaka kuuza kabla mambo hayajaharibika, wauzaji walimzuia. Akapoteza karibu kila kitu. Alipokwenda benki kuomba mkopo, alinyimwa kwa kuwa hakuwa tena na kipato wala dhamana.

Sukari ya Kuba

Kisa kingine kinawagusa moja kwa moja watu wa kilimo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza bei ya sukari ilipanda sana, na National City ikakopesha fedha nyingi kwa mashamba na viwanda vya miwa nchini Kuba. Mei 1920 sukari ilizidi senti 22 kwa ratili. Kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa chini ya senti 5. Mikopo ikaoza.

Benki inapokuwa na mikopo mibovu inatakiwa kuikiri na kuibeba hasara. National City ilitafuta njia nyingine. Mwaka 1927 iliuza hisa mpya na kukusanya dola milioni 50. Nusu yake, dola milioni 25, ilipelekwa kwenye kampuni tanzu, ikanunua kampuni ya sukari, na kampuni ya sukari ikatumia sehemu kubwa ya fedha hizo kuilipa benki ile mikopo mibovu.

Kwa maneno mengine, mzigo uliondolewa kwenye mabega ya benki na kuwekwa kwenye mabega ya wanahisa, na wanahisa hawakuelezwa. Walidhani wamenunua sehemu ya benki inayokua, kumbe wamelipia makosa ya maofisa wa mikopo ya miaka saba nyuma.

Deni moja, sheria mbili

Katika yote aliyoyafichua Pecora, lililowauma zaidi watu wenye rehani lilikuwa hili lifuatalo.

Soko lilipoanguka mwaka 1929, maofisa wakubwa wa National City walikuwa wamekopa kununua hisa, na sasa walikuwa hatarini kufilisika. Benki ikaanzisha mfuko maalumu wa kuwaokoa, eti kulinda ari ya kazi. Mfuko huo uliwakopesha dola milioni 2.4 bila riba. Kufikia mwaka 1933 ni sehemu ndogo sana iliyokuwa imerudishwa.

Mwezi Desemba mwaka ule ule wa 1929, makarani na wafanyakazi wa ngazi ya chini waliuziwa hisa za benki hiyo kwa zaidi ya dola 200 kila moja, walipe kwa kukatwa mshahara kwa miaka kadhaa. Mwaka 1933 hisa hizo zilikuwa na thamani ya takriban dola 40. Makato yaliendelea. Karani alikuwa akidaiwa fedha nyingi kuliko thamani ya kitu alichonunua, na hakuwekewa mfuko wa kumwokoa.

Kwa hiyo ndani ya jengo moja palikuwa na aina mbili za deni. La mkubwa lilisubiri na halikuwa na riba. La mdogo lilikatwa kila mwezi. Na nje ya jengo, mkulima na mwenye nyumba walikuwa wakipigiwa mnada. Ni vigumu kumweleza mtu anayetolewa kwenye nyumba yake kwamba deni ni deni, wakati aliyeongoza benki anajisamehe lake.

Mitchell alijiuzulu kabla ya mwezi Februari kwisha, siku chache tu baada ya kukaa katika kiti cha shahidi. Machi 4 Franklin Roosevelt aliapishwa kuwa rais, wakati benki za majimbo mengi zimefungwa au zimewekewa masharti ya kutoa fedha. Machi 6 alizifunga benki zote nchini kwa muda ili zikaguliwe. Chama chake kiliposhika uongozi wa Seneti, mwenyekiti mpya wa kamati, Duncan Fletcher wa Florida, alimwacha Pecora aendelee. Mwezi mmoja aliouomba ukawa zaidi ya mwaka, hadi Mei 1934.

Aliyeombea benki yake ianguke

Mei 1933 alihojiwa J. P. Morgan mdogo, tajiri ambaye jina lake peke yake liliwatisha watu. Ilifahamika kuwa hakulipa kodi ya mapato mwaka 1931 na 1932, kwa kutumia hasara ambazo sheria ilimruhusu kuziandika. Pia ilifahamika kwamba nyumba yake ya fedha ilikuwa na orodha ya marafiki, wakiwamo wanasiasa wakubwa, waliouziwa hisa kwa dola 20 wakati sokoni zinakwenda kwa zaidi ya dola 30.

Baadaye mwaka huo ikawa zamu ya Albert Wiggin, aliyeongoza benki ya Chase kwa miaka mingi. Mwaka 1929 Wiggin, kupitia kampuni za familia yake, aliuza hisa za Chase ambazo hakuwa nazo, yaani alizikopa na kuziuza akitarajia bei ishuke ili azinunue tena kwa bei rahisi na kuzirudisha. Bei ikashuka kweli. Alipata faida ya takriban dola milioni 4. Fedha za kuendeshea biashara hiyo zilitoka katika Chase yenyewe.

Msomaji atafakari maana yake. Nahodha alikuwa ameweka dau kwamba jahazi lake litazama, huku abiria wakiambiwa bahari ni shwari. Tena alipostaafu bodi ilimtengea pensheni ya dola 100,000 kwa mwaka kwa maisha yake yote. Kelele zilipozidi aliikataa mwenyewe.

Majina yakawa sheria

Pecora hakuwa mbunge na hakuandika sheria hizi peke yake. Hata hivyo, kila kisa alichokifichua kiliwapa watunga sheria mfano wenye jina na tarehe, na wapinzani wao wakakosa la kusema.

Mei 1933 ilipitishwa sheria ya uuzaji wa hisa na hatifungani. Kuanzia hapo, anayetaka kuuza hisa kwa umma alitakiwa kueleza ukweli wote katika waraka wa matarajio. La muhimu zaidi, wakurugenzi na maofisa waliotia saini wangeweza kushtakiwa wao binafsi na mnunuzi, iwapo waraka huo ungekuwa na uongo.

Juni 1933 ikafuata sheria ya benki. Ilizitenganisha benki za amana na biashara ya kuuza hisa, ikazuia maofisa watendaji kukopa katika benki zao wenyewe, na ikaanzisha bima ya amana. Aidha, iliwapa wasimamizi wa benki mamlaka ya kumwondoa kazini mkurugenzi au ofisa anayeendelea kuvunja sheria au kuendesha benki kwa njia za hatari. Anayeondolewa ni mtu, benki inabaki.

Sheria ya Juni 1934 iliunda tume ya kusimamia masoko ya hisa na ikawakataza wakurugenzi na maofisa kuuza hisa za kampuni zao kwa staili ya Wiggin. Pecora aliteuliwa kuwa mmoja wa makamishna wa kwanza wa tume hiyo.

Kwa upande wa rehani, serikali ilipitisha sheria nyingine mwaka huo huo wa 1933. Mei ilikuwa ya mikopo ya wakulima, iliyopunguza riba na kuahirisha marejesho. Juni likaundwa shirika la kuchukua rehani za nyumba zilizoshindikana na kuzigeuza kuwa mikopo ya miaka 15 yenye marejesho ya kila mwezi. Shirika hilo lilizipa mikopo mipya nyumba zipatazo milioni 1, ingawa halikuweza kuziokoa zote. Sheria hizo zilikuwa na historia yake mbali na Pecora, lakini zilipita wakati ambapo benki hazikuwa tena na sauti ya kuzipinga.

Alichoshindwa

Haitakuwa haki kumpamba Pecora kuliko alivyokuwa. Mitchell alishtakiwa kwa kukwepa kodi na mahakama ikamwachia huru Juni 1933, kwa kuwa baraza la wazee wa mahakama liliona hakuvunja sheria ya jinai. Serikali ikamdai kwa njia ya madai, na mwaka 1938 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo ikaamua kwamba anapaswa kulipa kodi na adhabu, jumla zaidi ya dola milioni 1. Alirudi katika biashara ya fedha na kuongoza kampuni nyingine. Wiggin hakupelekwa jela.

Mteja yule wa Pennsylvania na wengine mfano wake hawakurudishiwa akiba zao na uchunguzi huo. Walichopata ni kujua kwamba hawakuwa wajinga, bali walidanganywa, na kuwajua waliowadanganya.

Pecora mwenyewe hakufanikiwa sana katika siasa. Mwishoni mwa 1933 aligombea uendesha mashtaka wa New York akashindwa. Mwaka 1935 aliiacha tume na kuwa jaji wa mahakama ya jimbo la New York, akakaa hapo hadi mwaka 1950, alipogombea umeya wa jiji na kushindwa tena. Mwaka 1939 alichapisha kitabu kuhusu uchunguzi wake, akihofia kwamba watu wangesahau. Alifariki dunia Desemba 7, 1971, akiwa na umri wa miaka 89.

Hofu yake ilikuwa na msingi. Ukuta kati ya benki za amana na biashara ya hisa ulibomolewa na sheria ya mwaka 1999. Mwaka 2008 mikopo ya nyumba iliyotolewa kiholela iliiangusha sekta ya fedha ya Marekani, na mamilioni ya familia zikapoteza nyumba. Benki zilitozwa faini kubwa, lakini wakuu waliotozwa kwa majina yao walikuwa wachache. Mmoja wao ni Angelo Mozilo wa Countrywide, kampuni kubwa ya rehani, ambaye mwaka 2010 alikubali malipo ya dola milioni 67.5 bila kukiri kosa, na sehemu ya fedha hizo haikutoka mfukoni mwake. Mwaka 2020 John Stumpf, aliyekuwa mkuu wa Wells Fargo, benki ambayo wafanyakazi wake walifungua akaunti nyingi bila idhini ya wateja, alitozwa dola milioni 17.5 na kufungiwa kufanya kazi ya benki.

Somo kwa mkulima na mfanyabiashara

Tanzania ina Bodi ya Bima ya Amana na ina Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na anayeuza hisa kwa umma hutakiwa kutoa waraka wa matarajio. Mambo hayo yanafanana na yale ya miaka ya 1933 na 1934. Lakini taasisi haiwezi kumsaidia mtu asiye na karatasi.

Kwa hiyo mwenye mkopo aombe nakala ya mkataba siku ile ile anayosaini, na aitunze. Kila marejesho yawe na risiti. Ofisa anayetoa ahadi ya mdomo, kwa mfano kwamba benki itasubiri hadi mavuno, aombwe aiandike na kuweka jina na saini yake. Malalamiko yapelekwe kwa barua yenye tarehe, na nakala ibaki nyumbani. Anayeshauriwa kuhamisha akiba yake aulize kwanza mshauri huyo analipwa nini akikubali.

Wanachama wa SACCOS na vyama vya ushirika wana nafasi ambayo wateja wa National City hawakuwa nayo: mkutano mkuu. Hapo mwanachama ana haki ya kusimama na kuuliza viongozi wa bodi na watendaji wamekopa kiasi gani, kwa riba gani, na nani kati yao amechelewa kulipa. Orodha hiyo isomwe kwa majina, kama yanavyosomwa majina ya wadaiwa wengine.